Gari Lisilonesa

Mdogo wangu wa kiume alinipigia simu asubuhi, hata salamu hakuimaliza. Ati mjukuu wangu ameliharibu gari la marehemu baba. Ameng'oa springi zote za mbele, zile za mabamba ya chuma yaliyolaliana, pamoja na ekseli yake, akaipachika pikapu ya watu miguu ya gari la kisasa, springi za mviringo na shokapu mpya. "Dada, njoo umkanye," akasema, "mimi hanisikii." Nikavaa baibui langu, nikapanda bajaji hadi gereji ya huyo mjukuu, Makorora, na njia nzima nilikuwa natafuna maneno ya kwenda kumwambia. Wewe unanijua. Nikiwa na hasira sichagui.

Pikapu ile ya kijani baba aliipata miaka ya hamsini, tulipokuwa tukikaa Tongoni, nami nina miaka minane hivi. Baba alikuwa na minazi, na kazi ya nyumba nzima ilikuwa mbata, nazi za kukausha. Wanaume waliangua, mama alifua nazi kwenye kifuo, kile kijiti cha ncha kali, sisi watoto tulianika mbata juani na kuianua mbio wingu likijitokeza. Harufu yake, tamu halafu imechacha kidogo, iliingia kwenye nywele, kwenye mito, mpaka kwenye chai. Siku hizi mafuta ya nazi yananukia maua, na nikiyapaka najiona kama nimeazima kichwa cha mtu.

Na gari lilikuwa na mlio wake. Mabamba yale yalisagana kila lilipovuka shimo, kwii, kwii, tukalisikia tangu linapokata kona ya msikiti. Mama akisikia, huinjika sufuria, na baba anapoingia uani bada ya muhogo inasongwa na mchuzi wa papa unatokota. Nakwambia haya ujue kwamba nililipenda gari lile. Kama nisingelipenda, leo ningekuwa nimetulia.

Baba alikuwa na neno moja la kulisifia. Hupanga magunia ya mbata mpaka juu, kisha huenda mbele, akakanyaga bampa kwa mguu mmoja na kujirusha. Gari halitikisiki. "Gari langu halinesi," husema. Magari ya wenzake yaliinamisha pua yakishapakiwa, lake halikuinama. Sisi watoto tukalidaka neno. Tukibebana mgongoni, anayebeba lazima aseme hanesi. Kitanda kinanesa, tawi linanesa, gari la baba halinesi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba chuma kikikataa kunesa, aliyekaa juu yake ndiye anayerushwa. Kwetu sisi lilikuwa neno la sifa basi.

Mwaka ule mama alikuwa mjamzito, na mimba ilimsumbua. Kila baada ya wiki mbili alitakiwa hospitali ya Tanga, na baba akaona safari moja itoshe mambo mawili: mama mbele, mbata nyuma. Mimi nilikaa katikati yao. Barabara ilikuwa ya vumbi, mawe na makorongo, na kila shimo lilipanda moja kwa moja kutoka gurudumuni hadi kwenye kiti. Mama alishika dashibodi kwa mkono mmoja na tumbo kwa mwingine. Tukirudi hujilaza kwenye mkeka, kiuno kimemkaza, na nazi za kufua zinamngoja pale pale.

Safari ya pili akamwomba. Alimwomba kwa adabu, utadhani anaomba chumvi kwa jirani. "Bwana, fundi si angezilegeza hizi springi kidogo? Tumbo hili linapigwa."

Tukampitia fundi mmoja Kalasinga pale mjini. Aliweka viganja vyake viwili juu ya pua ya gari, akabonyeza kwa uzito wake wote, akatikisa kichwa. Akasema atatoa mabamba mawili kila upande na kufunga shokapu mpya, maana zile zilikwisha kufa zamani. Kazi ya nusu siku, sisi tungekunywa chai kwake tukingoja. Baba akakataa. Akasema gari litalala na mzigo, ngoja msimu wa mbata upite. Kisha akalitoa lile neno lake, gari langu, na mimi, kwa furaha yangu yote, nikammalizia kwa sauti: "Halinesi!" Fundi akacheka. Mama akanitazama tu.

Safari ya tatu, tulipokaribia daraja dogo kabla ya kuingia mjini, mama alisema, "Simama." Baba hakusimama. Mbele ya daraja palikuwa na kilima, na gari lenye mzigo likisimama chini yake linapata taabu kupanda. Mama akasema tena. Tulisimama juu kileleni, na mashimo yaliyo kati ya darajani na kileleni nayajua mpaka leo. Ndugu yetu alizaliwa juu ya magunia ya mbata, miezi yake haijatimia. Alilia mara mbili. Jioni ile ile alizikwa.

Watu walisema ni kazi ya Mungu, na mimi sibishani na Mungu. Nabishana na baba. Wiki iliyofuata alipakia mbata juu ya springi zile zile, hakuna alilopunguza. Mama hakulipanda tena gari lile mpaka alipoingia kaburini. Siku za kwenda mjini alingoja basi, au alitembea, na baba akimkuta njiani hupunguza mwendo. Mama humpa kapu lake kupitia dirishani, kisha huendelea kutembea. Mdogo wangu alizaliwa baadaye. Kwake yeye gari lile ni mlio wa kwii na bada ya moto, na hakuna aliyewahi kumwambia zaidi.

Nilipofika gereji, mjukuu alitoka uvunguni mwa gari mikono imejaa grisi. "Shikamoo bibi." Nikaitikia marahaba kavu. Nikaenda moja kwa moja mbele, nikaweka viganja vyangu pale alipoweka vyake yule fundi Kalasinga, nikabonyeza. Pua ikashuka, ikapanda, ikatulia. Nikamwuliza kazi hii imemchukua muda gani.

"Siku tatu, bibi. Mgongo wako unakusumbua. Nikasema ukitaka kwenda Tongoni, usiumie."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira ya kweli. Kijana huyu hakuombwa, na bado alizitoa siku tatu. Baba aliombwa na mkewe, tena mjamzito, akakosa nusu siku. Mjukuu akanivutia kiti, maskini, anadhani namkasirikia yeye.

Mdogo wangu akafika, akaonyesha springi za zamani zilizoegemezwa ukutani, akataka zirudishwe siku ile ile. Akasema mimi ndiye mkubwa, neno ni langu. Nikaitikia kwamba neno ni langu, basi waitwe watu wa vyuma chakavu. Akanishangaa. "Dada, huo ndio mlio wa baba." Nikamkalisha, nikamweleza mama alivyokuwa akiusikia mlio huo. Akainuka, akavisogeza vyuma vile mlangoni kwa mkono wake.

Mjukuu akanipeleka Tongoni. Minazi ya baba imekatwa, pamekuwa viwanja vya nyumba. Kifuo cha mama sijui kiliishia jikoni kwa nani. Kona ya msikiti tuliipita kimya, gari linanesa taratibu, na hakuna aliyeinjika sufuria. Nilikaa upande wa mama, mikono mapajani, sina haja ya kushika kitu.

Tukirudi, lile daraja dogo likatokea mbele yetu. Nikasema, "Simama."

Hakuniuliza kwa nini. Akasimama pale pale.