Mkono wa Mama Piusi

Penina, ambaye chuoni pale juu ya mji wa Karatu wote walimwita Mama Piusi, alikuwa mchambuaji wa taka. Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mibuni, alishuka kutoka kijijini kwake Rhotia, akavaa glavu zake zilizochakaa na kuanza kufungua viroba vya mabwenini. Maganda na viporo alivipeleka shimo la mboji, chupa na maboksi kwenye banda. Simu mbovu, chaja na betri alizifungia stoo, zingoje gari la Arusha.

Shida ni kwamba kila kitu kilikuja kimechanganyika. Jumatatu moja ya masika alizamisha mkono kwenye kiroba cha ugali uliochacha, na kioo cha kompyuta iliyovunjika kikamchana kiganja. Damu ikaruka. Alikaa chini kwenye matope, asijue aite nani.

Kakenya, binti wa wafugaji wa Malambo aliyekuwa mwaka wa pili, alikuwa anapita kwenda darasani. Alitupa daftari zake, akavua mtandio, akamfunga mkono kwa nguvu.

"Usiangalie, mama. Niangalie mimi."

Akampakia bodaboda na kumshikilia kwa nyuma mpaka zahanati. Huko Mama Piusi alishonwa, na daktari akamkataza kabisa kuutumia mkono ule mpaka upone.

Nyumbani, Mama Piusi alilia. Mvua ilikuwa imeshakolea na shamba halijapandwa. Piusi, mwanawe wa pekee, alikuwa mpishi kwenye kambi ya watalii hifadhini, na ruhusa hakupata. Na kazi je? Nani angemngoja?

Hakujua kwamba Kakenya alikuwa ameshakwenda kwa Vedasto, msimamizi wa usafi.

"Usimtafute mtu mwingine, baba," alimwambia. "Tutachambua wenyewe kwa zamu, kabla ya vipindi."

Wiki ile wanafunzi walichambua uchafu wao kwa mikono yao. Wengine walitapika. Wengine walianza kugombana mabwenini: nani kamwaga maharage kwenye karatasi, nani katupa betri kwenye maganda? Mwisho wake kila bweni likawa na mapipa yake matatu.

Jumamosi kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kikasimama mbele ya nyumba ya Mama Piusi, kimejaa mboji nyeusi na vijana wenye majembe. Alitoka na mkono wake kifuani, akasimama mlangoni.

"Shikamoo mama! Tuonyeshe pa kuanzia," Kakenya alisema.

"Marahaba. Wewe na jembe wapi na wapi? Si ng'ombe tu unaowajua?"

"Leo nitajua na maharage."

Mistari yake ilipinda kama njia ya mbuzi. Mama Piusi alicheka hadi kidonda kikamuuma, kisha machozi yakamtoka, naye hakuyaficha.

"*Ashe oleng*, mwanangu," alisema, akijaribu neno la shukrani la Kimaasai, lugha ya kwao Kakenya.

"Umelitamka kwa Kiiraqw chenu kabisa, mama!"

Mkono ulipopona, Mama Piusi alirudi kazini, akakuta glavu mpya nene zikimngoja kwa Vedasto. Alifungua kiroba cha kwanza taratibu, kwa woga. Ndani mlikuwa na maganda ya ndizi na majani ya chai, basi. Alisimama hapo kitambo akimshukuru Mungu kwa sauti, akiwataja vijana wale kwa majina, kisha akakibeba kiroba kwenda shimoni.