Shemeji Alivyoiongezea Redio Nguvu

Shemeji yangu hajawahi kutumia kitu kama kilivyotoka dukani. Mume huyu wa dada yangu, karani mstaafu wa stoo, akinunua redio leo, kesho imelala chali mezani, matumbo nje. Ukimwuliza ilikuwa na ubaya gani, anakutazama kwa huruma. "Haina ubaya. Ila inaweza kuwa bora zaidi." Pasi ya dada nayo iliwahi kufanywa bora zaidi. Siku hizi inazuia mlango usijifunge.

Chumba cha wageni alishakiteka zamani. Nikija kuwatembelea nalala sebuleni, maana kitanda changu kimebeba transfoma na makopo ya skrubu. Anayo leseni halali ya kuongea hewani na watu wa mbali, na katika watu wote hao rafiki yake wa kweli ni mmoja tu, mwalimu mstaafu wa nchi nyingine. Hawajawahi kuonana. Namba za simu hawakupeana, eti simu ni ya wavivu. Kila Jumamosi asubuhi huongea: betri, mvua, magoti. Shemeji ambaye mezani humtoi neno, humo chumbani hucheka mpaka anakohoa.

Basi mwalimu akaanza kupoteza macho. Akasema Jumamosi inayofuata itakuwa ya mwisho; mwanawe anamhamishia kwake ghorofani, pasipo na pa kufunga antena.

Mwenye akili angefanyaje? Angeiacha redio kama ilivyo. Shemeji akaifungua. "Siku ya kuagana lazima sauti yangu ifike imenyooka," akasema. Alilehemu wiki nzima, nyumba ikanuka moshi. Ijumaa akatoka kifua mbele: nguvu ya kurusha imeongezeka, na kule kuvuma kwa redio kwa miaka yote kumekwisha kabisa. "Sikilizeni! Safi!" Tukasikiliza. Kimya kitupu. Tukampongeza, kwani sisi tunajua nini?

Asubuhi akajifungia, hedifoni masikioni. Sisi tulikuwa jikoni tunachambua maharage, na dada amewasha kiredio chake kinachoshika masafa yale yale. Ndicho kitu pekee ambacho shemeji hajakifungua, kwa sababu dada aliapa kwamba siku atakayokigusa atalala nje.

"Mwalimu, unanisikia?" Sauti ya shemeji ikatupasua masikio.

"Nakusikia, ndugu yangu," mwalimu akajibu kwa mbali, lakini wazi. "Leo umekuja na nguvu! Mwanangu yuko juu ya paa, anangoja tumalize ashushe waya."

"Mwalimu! Unanisikia?"

"Nakusikia vizuri kabisa."

Dada akaacha maharage. "Mama yangu! Huyu hasikii."

Akakimbia kugonga mlango. "Baba watoto, fungua! Anakujibu!" Wapi! Hedifoni zile nazo zilishafanywa bora zaidi, hata radi haiingii. Nikabaki na kiredio, nasikia yote, na shemeji anazidi kupanda.

"Sasa hata kunijibu unaona taabu? Umeshapata ghorofa, sisi wa nini tena? Kumbe miaka yote hii nilikuwa najipendekeza! Ringa, bwana. Nenda na maringo yako!"

"Nimekusikia, rafiki yangu," mwalimu akasema taratibu. "Nilitaka kukushukuru tu. Kwaheri." Akazima.

Nikamfuata dada, tukausukuma mlango mpaka komeo likang'oka. Shemeji akageuka, jasho linamtoka, akavua hedifoni.

"Amenidharau," akasema. "Hakujibu hata neno."

"Amekujibu," dada akasema. "Kila ulipoita amekujibu. Wewe ndiye uliyeitia redio uziwi. Na ameshaaga, waya unashushwa."

Shemeji akaitazama redio yake. Roho iliniuma, nilidhani atalia, nami nilikuwa tayari kulia naye.

"Kwa hiyo," akauliza, "sauti yangu ilimfikia vizuri?"

"Ilimfikia," dada akamjibu. "Hakupitwa na tusi hata moja."