Palizi ya Bungulu

Puaro ikifa kwa joto hutoa harufu ya supu iliyosahauliwa jikoni: tamu kidogo, kali kidogo, kisha chafu. Hiyo ndiyo harufu ya kwanza ninayoikumbuka ya mji wa Beni. Puaro, kwa asiyeijua, ni kitunguu kirefu kisicho na kichwa, na kwetu Butembo kila mama anayejiheshimu ana tuta lake nyuma ya nyumba. Mama yangu aliondoka Kimemi, mtaa wetu wa Butembo, na miche yake imefungwa kwenye jani la mgomba. Njia nzima aliipakata magotini, wakati sahani na godoro vikirukaruka nyuma ya lori. Baba alikuwa amepata kazi ya kupima kahawa kwenye depo moja ya Beni, nasi tulimfuata mwanzoni mwa mwaka wa masomo. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Miche ilipandwa siku ya pili, kabla hata kitanda hakijafungwa, na kabla mwezi haujaisha ilikuwa imelala chini, inanuka.

Kutoka Butembo hadi Beni si mbali, lakini barabara inateremka, na anayeteremka nayo anabadilisha hewa bila kuambiwa. Kimemi asubuhi ni baridi. Ukungu unakaa bondeni, na mimea inalitafuta jua jinsi watu wanavyolitafuta. Kwa hiyo bustani ya kwetu huachwa wazi. Matuta yananyooshwa kwa kamba, kila jani lisilopandwa na mtu linang'olewa likiwa dogo, na wanawake wanapopita nyuma ya nyumba za wenzao hutupa jicho moja tu na kujua aliyeamka mapema na aliyelala. Mama aliichukua sheria hiyo yote akaiteremsha Beni. Alikata migomba miwili iliyofunika uwanja wetu katika mtaa wa Bungulu, akachoma majani, akanyoosha kamba. Kisha jua la Beni likashuka juu ya udongo mtupu. Majani ya puaro yakaanguka. Kabichi zikafungua majani mapana, zikakataa kufunga kichwa. Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Mama alikuwa ameyakodoa yote mawili.

Upande wa pili wa ua wa matete aliishi Mama Zaituni, mwanamke Mwislamu mrefu, ambaye mume wake alikuwa na lori la kubeba bidhaa kati ya Beni na Kasindi, mpakani. Bustani yake ilitutia aibu kwa niaba yake. Mapapai yalisimama katikati ya mihogo, lenga-lenga, yaani mchicha, iliota chini ya migomba, pilipili iliota penye pilipili iliyoanguka, na chini kabisa kulikuwa na takataka za majani makavu ambazo hazikufagiwa kamwe. Mama alipaita pori. Lakini kila asubuhi Mama Zaituni alitoka mle porini na kapu limejaa, na kwetu kulikuwa na mistari iliyonyooka yenye mimea inayokufa.

Aliyelisema hilo kwa sauti alikuwa Papa Kambere, fundi wa baiskeli aliyeishi ng'ambo ya njia na kulima nyanya nyuma ya kibanda chake. Alikuwa Mnande kama sisi, aliyehamia Beni zamani, na alijiona ana ruhusa ya kututania.

"Mama Paluku," alimwambia mama, kwa jina la kaka yangu mkubwa, "ile njo bustani ao njo kiwanja ya mupira?"

"Njo bustani safi, Papa Kambere. Wewe utaijulia wapi?"

"Na puaro inasema nini?"

Mama aliinama kuinua jani lililolala.

"Mimi naisikia. Inasema Butembo iko mbali."

Mama Zaituni alicheka upande wake wa ua hadi akakohoa, na mama, baada ya kujizuia kidogo, naye akacheka. Hivyo ndivyo walivyoanza. Siku iliyofuata mkono mrefu ulipenya kwenye tundu la matete ukiwa na kifungu cha vipandikizi vya matembele. Mama akarudisha mbegu za maharage ya kwetu, yale ya rangi mbili. Tundu likapanuka kwa kupitishwa vitu, mpaka likawa mlango ambao sisi watoto tulipita bila kuinama. Jioni walisimama hapo, kila mmoja na jembe lake, wakizungumzia panya, mvua na bei ya chumvi, huku Papa Kambere akiwapigia kelele kutoka njiani. Mama alianza kuacha majani makavu chini ya lenga-lenga yake, ingawa alisema ni kwa muda tu.

Lazima niseme jambo lililokuwa likingoja nyuma ya urafiki huo. Mama hakuwa na ndugu hata mmoja Beni. Baba alitoka alfajiri na kurudi na vumbi la kahawa kwenye nyusi. Kanisani hatukujulikana bado. Siku moja tukiwa mezani mama alimwambia baba, mbele yetu, bila ugomvi: "Batoto bamalize mwaka ya masomo. Kama mpaka pale sina mutu hapa, mimi narudia nabo Kimemi." Baba alitafuna, akasema amesikia. Mimi nilijua maana yake: baba angebaki peke yake na mizani yake, nasi tungekuwa familia ya barua na vifurushi. Tangu siku ile nililitazama tundu la ua kwa makini kuliko nilivyotazama masomo yangu.

Msimu wa mvua ulipokuwa umekolea, binti wa Mama Zaituni alijifungua huko Kasindi, na mama yake akapanda lori kwenda kumuuguza. Kabla ya kuondoka alipita kwenye tundu. "Mama Paluku, uniangalie mule. Kuku basiingie." Hakusema zaidi. Kwetu Kimemi kulikuwa na desturi: mwenzako akiwa na matanga au uzazi, wewe jirani unapalilia bustani yake, ili akirudi amechoka akute pamefunguka. Hakuna anayeombwa wala anayeshukuriwa. Tenda wema nenda zako, walisema, na mama alikuwa amengoja miezi mingi kupata mtu wa kumtendea. Jumamosi alituamsha mapema, mimi na Paluku, tukaingia porini na majembe na kamba.

Tulifanya kazi nzuri. Huo ndio ubaya wake. Mama aliipanga ile bustani tuta kwa tuta. Majani yaliyooza aliyakusanya chungu moja chini ya migomba ya mwisho, kwa kuwa hakutaka kuchoma kitu kwenye uwanja wa mwenzake. Kando ya ukuta wa nyumba kulikuwa na mstari wa miti midogo ya mbono, na kila mti ulikuwa umezongwa na kamba ya kijani, nene kama kidole, yenye majani mazito na mizizi midogo iliyoshika gome. Mama aliishika, akatikisa kichwa. Kwetu mmea unaopanda juu ya mti namna ile huunyonga. "Angalieni vile inanyonga batoto ba watu," alisema, akimaanisha miti. Tuliing'oa yote kwa uangalifu, tukianzia chini, mizizi na vyote, tukaitupa juu ya chungu. Alasiri pakaonekana kama Kimemi. Mama alisimama katikati, mikono kiunoni, na sijawahi kumwona tena akiwa ameridhika hivyo na mahali pasipo pake.

Mama Zaituni alirudi wiki iliyofuata, mchana. Tulimsikia akifungua lango lake, tukaenda kwenye tundu kupokea furaha yake. Alikuwa amesimama mbele ya mibono, kitenge kimemteleza begani.

"Baliniiba," alisema. "Mama Paluku, baliniiba! Balibeba yote!"

"Hapana wizi, mama," mama alimjibu, akitabasamu. "Njo mimi na batoto. Tulisafisha. Ile kamba ilikuwa inanyonga miti yako."

Mama Zaituni aligeuka taratibu. "Kamba?"

"Ile ya kijani."

"Ile haiko kamba. Ile iko vanille." Alikaa chini kwenye udongo tuliousafisha, na vazi lake la safari. "Miaka tatu. Ilikuwa karibu kutoa maua mwezi huu. Miaka tatu, Mama Paluku."

Wakati ule vanila, mmea ambao maganda yake huuzwa ghali, ilikuwa ngeni Beni. Mume wake alikuwa ameleta vipande vya kwanza kutoka ng'ambo ya mto Semuliki, amevificha chini ya kiti cha lori, na alimwonya mkewe asimwambie mtu, kwa sababu vanila huibwa hata ikiwa bichi. Naye hakumwambia mtu. Alitukabidhi bustani, lakini hakutukabidhi kilichokuwamo. Hayo niliyajua baadaye. Siku ile nilichojua ni kwamba mama alisema samahani mara nyingi, kwa Kiswahili, kwa Kinande, hata kwa Kifaransa, na Mama Zaituni hakuitikia hata moja. Alinyanyuka, akaingia ndani. Jioni mkeka ulikuwa umening'inizwa kwenye tundu la ua.

Siku zilizofuata hakuna aliyepita kwenye tundu. Mama aliacha kupalilia. Papa Kambere alivuka njia mara mbili, mara kwa jirani, mara kwetu, akarudi ameshindwa. "Mimi nabandikaka pneu ya baiskeli," alimwambia mama. "Roho yenye kutoboka, sina colle, gundi yake." Mama hakucheka. Alikwenda uani, akaligonga jembe lake juu ya jiwe mpaka likatoka kwenye mpini, akakifunga chuma peke yake ndani ya gunia. Hivyo ndivyo mtu wa kwetu anavyobeba jembe akihama, maana mpini hukatwa popote. Mwaka wa masomo ulikuwa bado haujaisha. Baba aliliona gunia, akakaa kwenye ngazi ya mlango bila kuvua viatu.

Asubuhi moja mkeka uliondolewa. Mama Zaituni alipita kwenye tundu akiwa na panga na beseni. Ndani ya beseni kulikuwa na vanila, imekatwa vipande vya urefu wa mkono, vingine vimeanza kutoa vizizi vyeupe. Ilikuwa imelala siku zote zile kwenye kivuli cha migomba, juu ya chungu ya majani, na haikufa. Leo naweza kueleza, kwa kuwa nimesoma: kipande cha vanila hupenda kulala kivulini kwanza, kidonda kikauke, ndipo kipandwe. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Hawakuwa wameiona vanila.

"Mulingoa muzuri sana," Mama Zaituni alimwambia mama, bila salamu. "Hata muzizi moja hamukuacha. Sasa ziko mingi kupita miti yangu. Nusu utapanda kwako."

Mama alijifuta mikono, ingawa ilikuwa mikavu. "Kwangu hakuna kivuli, mama."

"Njo nasema. Utapanda kivuli kwanza. Migomba, mibono, yote ile ulikata."

"Lakini ile iko mambo ya miaka tatu."

"Ndiyo. Miaka tatu. Unaenda wapi?"

Macho ya mama yalikwenda ukutani. Mama Zaituni aliweka beseni chini, akaangalia gunia lililokuwa ukutani, akalifungua, akatoa chuma cha jembe. "Na hii bila mupini, tutalima nayo namna gani?" Kisha, akiwa bado ameinamia gunia, akasema kwa sauti ya chini: "Na mimi pia. Nilikuachia shamba, neno sikukuachia." Paluku alitumwa kukata mpini. Walipanda mchana kutwa, na Papa Kambere alileta nyanya, akazila nyingi mwenyewe.

Hatukurudi Kimemi. Bustani yetu ikafunikwa taratibu mpaka mgeni kutoka Butembo angeiita pori. Maua yalipotoka, ya kijani iliyofifia, yasiyo na uzuri mkubwa, wanawake wale wawili waliamka kila alfajiri kuyafungua kwa kijiti na kuyachavusha moja moja kabla jua halijapanda, maana baada ya hapo hujifunga. Walianzia upande mmoja wa ua na kumalizia upande mwingine, na sikuwahi kusikia wakitenganisha yapi ni ya nani.

Leo naishi Kimemi, katika nyumba ambayo niliinunua mwenyewe. Mama bado yuko Bungulu. Mama Zaituni alihamia Kasindi kwa binti yake, na vanila ilizeeka ikatolewa, kwa sababu watu wa Beni wasioweza tena kwenda mashamba ya mbali kwa usalama hupanda uwanjani kile wanachoweza kula. Bustani yangu inazaa vizuri. Nimejifunza kwenye vitabu vya mitumba na kwenye simu mambo ya udongo ambayo wale wawili hawakuyajua, na nikikosa jibu nauliza kundi la wakulima ambao sijawahi kuona nyuso zao. Wananijibu upesi na kwa adabu. Lakini ua wangu ni wa matofali, na wa jirani zangu pia. Katika miaka yote hii hakuna aliyeniharibia mche hata mmoja. Zamani nilihesabu hilo kuwa bahati. Sasa naona ni kwa sababu hakuna niliyemruhusu kuingia.

Wiki ijayo nateremka Beni kumuuguza mama, magoti yanamsumbua. Upande wa kulia wa nyumba yangu hapa Kimemi amehamia mwanamke kijana kutoka Alimbongo, anayelima viazi kwa mistari iliyonyooka kama ya reli. Jana nilimwonyesha bustani yangu yote, mmea mmoja mmoja, hata ile ninayoionea wivu kuitaja, kisha nikampa ufunguo wa lango. Aliuliza apalilie wapi. Nikamwambia popote.