Mwimbaji wa Kaseti ya Mama Mkubwa

Mama mkubwa, dada yake mama, alikuja Maskati kutoka Tabora akiwa bibi harusi. Katika sanduku lake mlikuwa na kaseti ya mwanamke wa Kimarekani, mwimbaji mashuhuri wa muziki wa kantri. Kiingereza hakujua. Lakini utotoni mwetu, kwenye fleti yake ya mtaa wa Darsait, alitusimulia maisha ya mwanamke yule utadhani ni jirani: aliolewa na bwana aliyempiga, akatoroka na binti zake wawili, na sasa anaimba ili mama yake amsamehe.

Ijumaa moja mwaka jana, baada ya chakula cha mchana kwake, nikaingiwa na hamu ya kujua ukweli. Nikatafuta kwenye simu, nikamsomea kwa Kiswahili.

Baba yake yule mwimbaji alikuwa fundi viatu. Binti alishona mashati kiwandani huku akipeleka nyimbo zake kwa watayarishaji, nao wakamwambia sauti yake nzito mno kwa mwanamke. Aliolewa mara moja tu, na mpiga gitaa wake, wakazeeka pamoja bila mtoto. Jina lake lilipokwisha kuvuma akapasuliwa koo, sauti ikapotea. Alinyamaza miaka sita, akajifunza kuimba upya, chini zaidi. Kaseti yetu ilirekodiwa baada ya hapo.

Mama mkubwa akataka kujua nani alimpikia alipokuwa mgonjwa, na kama mumewe alimvumilia katika ukimya ule. Hayo simu haikuyasema.

Nikamuuliza kile kisa chake alikitoa wapi. Akautengeneza mtandio wake kwanza.

"Cha bibi yako," akasema. "Hao watoto wawili ni mimi na mama yako."

Sisi tuliambiwa babu alikufa kijana. Sikujua niulize lipi kwanza, nikauliza kama bibi alisamehewa.

"Mamake alifungua mlango. Hakusema neno, akatubandikia uji. Mimi nnahesabu ndiyo msamaha."

Kwa nini alimpa mgeni maisha ya mama yake? Alisema sauti ile nzito ilifanana na ya bibi, na kwa jina la bibi asingeweza kutusimulia.

Nikaendesha gari moja kwa moja hadi mtaa wa Hail, kwa mama, nikamuuliza anakumbuka nini kuhusu kutoroka kule. Akasema anakumbuka lori la pamba, na kwamba juu ya magunia alilala usingizi mzuri sana.