Nilizinyoosha kwa wembe kadi za kaka yangu zilizokosewa kiwandani

Heshima kwenu wakuu. Hili sijawahi kumwambia hata mke wangu. Siongezi chumvi.

Ni Hedaru, miaka ile ya ruksa. Madukani vitu vya nje vimejaa, mifukoni hakuna kitu. Hospitali nazo ndiyo zimeanza kutaka uchangie.

Kaka yangu Eliamini alikuwa utingo wa lori la Mombasa. Alirudi na bablishi zenye kadi za wachezaji wa Ulaya ndani.

Sisi tuligombea zile safi. Yeye alitunza zilizokosewa tu. Moja ilikatwa vibaya, ina kichwa cha mchezaji huyu na miguu ya yule. Nyingine jina limechapwa juu chini. Tulimcheka sana.

Akaugua figo. Akabaki kitandani, uso umevimba.

Siku moja akaniambia, "Mdogo wangu, kuna mwalimu Mzungu wa sekondari ya kule milimani anakuja. Mpe bahasha iliyo chini ya godoro."

Basi. Hakueleza zaidi, na mimi sikuuliza.

Nikafungua bahasha. Zimepinda zote! Nikaona aibu mgeni apewe takataka. Nikachukua rula na wembe, nikazinyoosha moja moja. Penye wachezaji wawili nikabakiza mmoja, penye jina juu chini nikalikata jina.

Wakuu, nilifanya kwa upendo kabisa.

Mwalimu akaja, akazitoa, akazigeuza moja moja.

"Nani amezikata?"

"Mimi, mwalimu. Zilikuwa zimepinda."

Akakaa chini. Akasema kiwanda huzitupa zenye kasoro, zinazoponyoka ni chache, ndiyo maana wakusanyaji kwao huzitafuta. Kaka alishamwonyesha, naye akampata mnunuzi. Hela ile ndiyo ingemlaza kaka hospitali kubwa Moshi.

"Kosa lenyewe ndilo lilikuwa mali," akasema. "Sasa ni karatasi."

Akatoa alichokuwa nacho mfukoni. Kilitosha nauli, kulazwa hapana.

Kaka alisikia yote. Akasema, "Msamehe, mwalimu. Mimi ndiye sikumwambia."

Hakulitaja tena. Tulimzika milimani kabla ya vuli.

Fundisho: usirekebishe kitu cha mtu kabla hujamuuliza. Kwangu limechelewa, halinisaidii chochote.

Wanasema Mungu alipanga. Mimi najua nani alishika wembe.

Kama kuna mwenzangu aliyeharibu kitu kwa upendo, aniambie anaishije nacho. Hata matusi nitasoma.