Miguu ya Shangazi Mbele ya Basi

Shangazi yangu ni konda wa basi la pwani, lile linaloendelea na safari hata lami ikiisha. Abiria wengi ni wageni wenye mabegi makubwa. Sisi tunawaita kobe, maana wanatembea na nyumba mgongoni. Shangazi huzifunga nyumba hizo juu ya keria na kuwaamsha wenyewe wakifika vituo vyao. Lakini kazi yake hasa iko pale mto unapoingia baharini.

Pale hakuna daraja. Maji yakipwa, basi hupita juu ya mchanga. Abiria wote hushuka ili liwe jepesi, kisha Shangazi huvua viatu na kutangulia. Mchanga mgumu na ule wa kudidimia huujua kwa unyayo. Dereva, tunayemwita Babu Gia, hufuata alama zake bila kuuliza.

"Mimi nina macho tu," husema. "Yule ana miguu."

Likizo hii nilisafiri nao. Mimi kwa maswali sina breki, nikamfuata hadi mchangani.

"Unasikiaje, Shangazi? Kama uji? Kama godoro?"

"Rudi kwa wenzako."

"Si uniambie tu!"

Alikuwa ameinama, anachungulia rangi ya mchanga na mashimo ya kaa. Nyuma yetu basi linanguruma. Ghafla kobe mmoja wa kike akapiga kelele kwa Kiswahili chake cha wiki mbili, "Mama! Damu! Damu mingi!"

Kila alama ya mguu wa kulia ilikuwa nyekundu. Kipande cha chupa kilikuwa kimezama kisiginoni. Shangazi aliinua mguu akautazama kama mtu anayetazama kiatu cha jirani.

"Hiki kimeingia saa ngapi?"

"Hukusikia?"

"Sisikii kitu tangu mvua zilizopita. Ni ile sukari." Alisema hivyo kama anavyotaja nauli. "Usimwambie Babu Gia. Nitakula nini?"

Babu Gia alishatoa kichwa dirishani. "Vipi, konda? Twende? Maji yanarudi hayo!"

Mkono wa Shangazi ulipanda nusu ya njia. Akawaangalia kobe na mabegi yao, akaushusha.

"Zima," alisema. "Sijui kama panabeba. Miguu imekufa, Babu. Siku zote hizi nakupitisha kwa kukisia."

Nilisubiri Babu Gia afoke. Alizima injini, akashuka, akavua viatu na soksi. Nyayo zake zilikuwa laini kama za mtoto mchanga.

"Mama yangu, baridi!" alisema, na hakuna aliyecheka. Akampita Shangazi. Hatua chache tu, akazama hadi magotini.

Tulimvuta. Akageuza basi kuelekea njia ya mlimani, ile ndefu, kobe wakinung'unika.

"Bosi nitamwambia mwenyewe," alisema Babu Gia.

"Atasemaje?" niliuliza.

"Atatafuta miguu mingine."

Shangazi alikuwa anatazama dirishani. Nilikitoa kile kipande kwa kucha, nimefumba jicho moja, nikamfunga kitambaa. Aliyelia ni mimi.

"Inauma, Shangazi?"

"Hapana. Kaza kitambaa."

Halafu akavaa viatu. Ilibidi ainame atazame, kuona kama miguu imeingia.