Mafuta Kwenye Leso

Aliyekula chapati za ndizi ni mimi. Nimekana hadi nimeota mvi, na bado nikialikwa kuzungumzia haki, naenda.

Leo nimeponda ndizi mbivu kwa iliki na tangawizi, na harufu imenirudisha utotoni, mtaani Huruma: chapati zilizowekewa mgeni zimeisha sahanini, nami nafuta vidole kwenye leso ya dada wa kazi aliyenilea.

"Leso yako ina mafuta," Mama alimwambia. "Rudi kwenu Ainabkoi."

"Mama, si uulize mtoto?" dada akasema.

"Si mimi," nikasema.

Nimeitafuta namba ya dada huyo, nikapiga. Binti yake amepokea, nikamwambia mama yake alinilea.

"Mama tulimzika mwaka jana. Ni wewe wa Huruma? Alituambia hakuna mtoto aliyependa chapati zake kama wewe."